Kichupa cha Bibi

Walimwita Mama Vichupa, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo mbele yake. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya macho yanayorithiwa, yale yanayokula utando wa nyuma ya jicho polepole mpaka mtu anaiona dunia kama anachungulia tundu la ufunguo. Ukimwona ungedhani ni mwalimu wa hesabu: raba miguuni, rula mfukoni, kisanduku cha barafu begani. Mwaka wa kumi na moja huo anapanda ngazi za watu kuomba mate.

Mama Kidoti hakumwamini tangu siku ya kwanza. Pale ngazini penye giza, mgeni alikataa kutangulia.

"Piteni tu, mimi nafuata."

Akafuata kweli, macho yote miguuni mwa Kidoti, binti wa miaka saba, aliyekuwa akipapasa kila kidato kwa ncha ya kiatu. Anatafuta nini kwenye miguu ya mwanangu? Mama Kidoti aliwaza, akamvuta mtoto karibu.

Sebuleni mtafiti akachora ukoo. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, na mgonjwa hupakwa wino. Duara la Kidoti likapakwa likawa jeusi tii.

"Kwetu hakuna kipofu," akasema Bibi, mama mzaa baba wa Kidoti. "Baba yangu alichomwa na mwiba machoni, basi. Ugonjwa huu umeingia na mtu."

Mtu mwenyewe hakumtaja. Alimtazama tu mkwewe, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kandambili.

Mama Kidoti alielewa. Juzi tu alimsikia Bibi akimwambia mwanawe: ikithibitika ni mkeo, arudi kwao, mtoto abaki hapa.

Mama na mtoto wakatema mate, kila mmoja kwenye kichupa chake. Bibi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chai, na aliyekunywa kitu husubiri nusu saa. Mtafiti akamwachia kichupa, akaenda kumfuata baba wa Kidoti kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma. Aliporudi, kichupa cha Bibi kilikuwa mezani, mate yamefika mstarini.

"Hayo yanakwenda wapi?" Mama Kidoti akauliza.

"Maabara. Tunayasoma kama barua ndefu, tunatafuta herufi iliyokosewa."

"Barua ya nani kwenda kwa nani?"

"Ya wazazi kwenda kwa mtoto."

Jibu lilikuwa tamu kupita kiasi. Hilo nalo Mama Kidoti akaliweka moyoni.

Wiki ya saba mtafiti akarudi, safari hii hakusalimia kwa kicheko. Akaomba kuongea na Bibi peke yao jikoni. Mlango ukarudishwa. Mama Kidoti akabaki na nguo za kukunja. Shati moja alilikunja mara nne. Yamekwisha, aliwaza. Nahukumiwa mle ndani.

Mara sauti ya Bibi ikapita mlangoni.

"Eti nini? Mwanangu si wangu? Nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, we binti!"

"Sijasema si wako, mama. Mate yaliyomo kwenye kichupa ndiyo hayana undugu naye. Niambie, tuko wawili tu: nani aliyatema?"

Bomba likadondosha maji, to, to, to.

"Fundi cherehani wa hapo chini," Bibi akasema. "Nilimdanganya ni kipimo cha sukari."

Mama Kidoti akausukuma mlango, maneno ya miezi yamemjaa kinywani. Akamkuta Bibi ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mdogo kama mtoto aliyefumaniwa. Maneno yakamwishia.

"Hakukuwa na mwiba," Bibi akasema bila kuinua uso. "Baba alianza kutoona jioni tangu utoto wake. Tuliambiwa tufiche, tusije tukakosa wachumba."

"Na mimi ningefukuzwa kwa mwiba huo?"

Mtafiti akakunjua ule mchoro na kupaka wino mraba wa baba yake Bibi.

"Kosa langu pia. Kichupa hakiachwi," alisema. Akamgeukia Mama Kidoti. "Nikueleze majibu yako faragha?"

"Sema hapahapa. Asikie."

"Una herufi moja mbovu. Mumeo anayo moja, nimemwambia asubuhi karakanani, akasema nanyi mjue. Mtoto amepata zote mbili. Nusu kwa nusu."

"Ataona?"

"Mchana, tunatarajia miaka mingi bado. Gizani atahitaji mkono. Dawa tunaitafuta."

"Na miguu yake uliitazamia nini?"

"Mtoto hajui kueleza asichokiona. Miguu ilinieleza."

Kichupa kipya kikatolewa. Mama Kidoti akavuta kigoda, akaketi uso kwa uso na Bibi.

"Tema, mama. Nakuangalia."

"Usinitolee macho hivyo, mate yanakauka!"

Alipomaliza, Mama Kidoti alikishika mwenyewe, akasoma jina mara mbili, ndipo akamkabidhi mtafiti.

Walimsindikiza. Penye giza la ngazi, Bibi akamshika Kidoti mkono bila kuambiwa, akahesabu vidato kwa sauti. Mama Kidoti alibaki nyuma. Alikuwa akitazama miguu, na safari hii ya wote wawili.