Jina la Mwatima Ukurasa wa Mwisho

Abubakary alilifuta jina la Mwatima kitabuni, akaweka lake. Ubaya wenyewe ndio huo, na ulifanyika Guangzhou mwaka 1997, mchana kweupe.

Mwatima, mjane wa Unguja, hakwenda skuli. Alisoma chuo cha Kurani tu, na herufi za Kiarabu alizijua kama vidole vyake. Alikuja kununua nguo soko la Shisanhang, akaishia kwenye karakana ya kupiga chapa karibu na bandari ya Huangpu, akitengenezesha vijitabu vya dua vya kupeleka nyumbani. Mafundi walivikunja kama vitabu vya Kichina vya siku hizi, vya kuanzia kushoto, na vya Kiarabu huanzia kulia; vikafunguka kinyume, dua ya mwisho ikatangulia. Mwatima alikaa nao sakafuni wiki tatu, akiwaonyesha kila karatasi inavyokunjwa. Mwenye karakana akawa anamwita mwalimu.

Aliagiza jina lake liwekwe ukurasa wa mwisho, kama msahihishaji. Aliyepeleka karatasi ya jina karakanani ni Abubakary, mtoto wa shemeji yake.

"Mama mdogo, nani atanunua dua za mwanamke?" alisema vitabu vilipotoka. "Thawabu zako ziko kwa Mungu."

"Na jina lako si ungelipeleka huko huko?"

Nikodemu, mfanyabiashara wa Bukoba, alimsimulia habari za yule Mjerumani wa kale aliyepiga chapa Biblia: kazi inakaribia kwisha, aliyemkopesha akamshitaki, akachukua mitambo na vitabu. "Lakini leo, dada, dunia inamtaja nani?"

"Anatajwa yuko kaburini. Mimi nataka nikiwa hai."

Mwaka uliofuata Abubakary alichapisha peke yake. Mafundi walikuwa wapya, na huyo msahihishaji hakufungua hata kimoja mpaka siku ya kupakia. Vitabu elfu tano, vyote kinyume. Akamkimbilia Mwatima Zhanxi, kwenye maduka ya viatu.

"Mama mdogo, njoo uwaonyeshe, vichapwe upya!"

"Na jina langu?"

"Nitaandika 'kwa msaada wa mama mdogo'."

Mwatima akageuza kiatu, akatazama soli. "Mei you," akasema, kama wachuuzi wa pale wanavyomfukuza mteja: hakuna.

Kitabu chenye jina la Mungu hakitupwi jaani. Abubakary alivichoma kimoja kimoja, siku nne, macho mekundu kwa moshi. Kila siku Mwatima alikwenda kutazama, na kiti alikibeba mwenyewe.

Moyo haukupoa. Vile vya kwanza bado vinasomwa Unguja, na ukurasa wa mwisho bado unasema uongo. Abubakary bin Ussi anadaiwa mstari mmoja tu: Mwatima binti Murshid. Hajaulipa.