Upole wa Baba Bwawani

Mama ndiye aliyeipanga safari ile, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kupanda boti na wala hana mpango huo. Alikuwa amechoka kuishi katikati ya watu wawili wasiosemeshana. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameacha kazi ya ualimu Dodoma na kuhamia Mgeta, kule juu milimani, kulima kabeji na viazi, bila kumwambia baba. Baba ni mwalimu mstaafu. Habari ile aliikuta Dumila, basi liliposimama abiria wanunue vitunguu, kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani aliyedhani anampa hongera. Tangu hapo mdogo wangu akimwamkia, baba anaitikia "marahaba" kwa sababu salamu haikataliwi, kisha anageukia redio.

Mama akasema twende tukavue, kama zamani. Botini hakuna mlango wa kutokea, alisema.

Baba ana boti ndogo ya mbao, anaiacha kwa mvuvi mmoja mtu mzima kando ya bwawa la Mindu. Tulipokuwa wadogo alitupeleka Jumamosi kuvua perege. Safari hii tulikuwa watu wazima watatu, na mimi, niliyekuwa nimeomba ruhusa ofisini, kazi yangu ilikuwa kukaa katikati.

Asubuhi hiyo baba alijichoma sindano yake ya ugonjwa wa sukari kama kila siku. Baada ya sindano lazima ale. Hilo tunalijua nyumba nzima. Mama alikuwa amechemsha viazi. Baba akauliza vimetoka wapi, na mama, ambaye uongo haumkai mdomoni, akasema vimeletwa na mwanao jana. Baba akafunika sahani. Akasema atakula hukohuko majini, tukishapata samaki wa kwanza. Mama akavitia viazi kwenye hotipoti, akajaza chupa ya chai isiyo na sukari, akanitazama. Nilimwelewa.

Mdogo wangu alipiga makasia. Baba alikaa mbele, ametupa mgongo, mshipi mkononi. Milima ilikuwa imejifunika ukungu mpaka kiunoni na maji yalikuwa shwari. Nikafungua hotipoti mara moja, nikamkaribisha baba. Akasema bado. Baadaye nikamkaribisha tena, akasema kwani yeye mtoto. Mdogo wangu alikuwa akitazama maji tu. Nilijaribu kuzungumza habari za jirani yetu anayejenga, hakuna aliyechangia.

Samaki hawakuwa wakila chambo. Jua likapanda, ukungu ukaanza kukatika, na upepo ukashuka kutoka mlimani, ule wa ghafla ambao wavuvi wa pale hawaupendi. Boti ikaanza kuyumba. Mdogo wangu akaniambia mimi, kana kwamba baba hayupo, kwamba ni afadhali turudi. Baba akajibu, naye akiniambia mimi, kwamba mwenye kuogopa maji angebaki na kabeji zake.

Tukabaki.

Kitambo kidogo baada ya hapo mshipi wa baba ukavutwa. Alikuwa kambale, mkubwa, maana boti ilielemea upande mmoja. Badala ya kumvuta, baba alikaa anautazama mshipi unavyomponyoka viganjani. Kisha ukamtoka wote, ukaenda. Baba hakulaani. Aligeuka polepole, akamtazama mdogo wangu, akatabasamu.

"Mwanangu," akasema, "umekua. Umechoka kupiga makasia? Njoo nikupokee, baba."

Mdogo wangu aliacha makasia hewani. Nilimwona macho yanamjaa. Miezi yote ile alikuwa akingoja neno moja kama hilo, na sasa yamekuja mengi kwa mkupuo. Mimi pia kwa sekunde chache nilifurahi. Halafu nikaona shati la baba limelowa mgongoni na kifuani, na upepo ule ulikuwa wa baridi. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Midomo ilikuwa ikimtetemeka. Nikakumbuka tulivyoambiwa kliniki: akianza kuwa mtu mwingine, msisubiri.

"Sukari imeshuka," nikasema.

Mdogo wangu hakunielewa, au hakutaka kunielewa. "Muache dada, anazungumza na mimi."

Baba akasimama. Boti ile si ya kusimama. Alitaka kuja kuchukua makasia, akanyoosha mkono akikanyaga hotipoti, na maji yakaingia ubavuni yakatulowesha miguu. Nilimkumbatia kiunoni nikamvuta chini kwa uzito wangu wote. Akawa mkali, akaniuliza mimi nani, akanisukuma. Mzee wa miaka ile, sikujua alikuwa na nguvu kiasi hicho. Hapo ndipo mdogo wangu alipoelewa. Aliacha makasia, akaja kwa magoti, akamshika mabega, tukamkalisha sakafuni kwenye maji.

Nilimwekea kipande cha kiazi mdomoni, akakitema. Nikafungua chai, nikakumbuka haina sukari. Nilipekua mkoba wangu, hata peremende moja hamna. Boti, isiyokuwa na mtu wa kuiongoza, ilikuwa inasukumwa kuelekea kwenye matete, upande ambao wavuvi huukwepa kwa sababu ya viboko. Mdogo wangu aliona. Alirudi kwenye makasia akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mimi nilikishika kichwa cha baba, nikimwita, na kila nilipomwita aliitika kwa kuchelewa zaidi.

Tukamwona yule mvuvi tunayemwachia boti, yuko na mtumbwi wake kando ya nyavu. Mdogo wangu akapiga mluzi, nikapunga kanga. Akaja. Nikamwamkia hata sijui kwa nini, shikamoo, akaitikia huku akimtazama baba, nikamuuliza kama ana soda, ana chochote kitamu. Hakuwa na soda. Alikuwa na kipande cha muwa alichokuwa akikitafuna.

Mdogo wangu alikipokea, akakimenya kwa kisu cha samaki, akakikatakata vipande vidogo, akavipondaponda kwa mpini juu ya ubao wa kukalia. Kisha akavikamua kwa ngumi kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Matone yalitoka taratibu mno. Hakumwaga hata moja. Mvuvi aliishika boti yetu isipelekwe na upepo. Nilichovya kidole nikampaka baba kwenye ufizi, nikapaka tena, na alipoanza kulamba mwenyewe nikamnywesha kidogokidogo, nikichunga asipaliwe. Tukakamua vingine.

Sijui ilichukua muda gani. Kilichorudi kwanza ni macho. Baba alitazama anga, akanitazama, akaniita mwanangu, akauliza kwa nini amelowa. Akamtazama mdogo wangu aliyekuwa amepiga magoti mbele yake, mikono imejaa makapi ya muwa, na uso wake ukafunga. Ule upole ulikuwa umeondoka. Mdogo wangu aliuona ukiondoka. Akarudi kwenye makasia, na mvuvi akatusindikiza mpaka ukingoni.

Kwenye zahanati walimpima, wakasema tumewahi, wakamwambia ale kisha apumzike. Alikula viazi, vimepoa na kupondeka, bila kuuliza tena vimetoka wapi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, baba katikati. Nikamwambia yote: mshipi, kusimama, matete, muwa. Sikumficha alichomwambia mwanawe. Alisema hakumbuki.

Alifunika hotipoti, nikadhani yamekwisha. Halafu akazungumza, akitazama mbele.

"Kwa nini hukuniambia?"

Ilibidi mdogo wangu ahakikishe ni yeye anayeulizwa. "Niliogopa utanikataza, baba."

"Ningekukataza."

"Na mimi ningetii. Ndiyo maana."

Baba alitikisa kichwa, siyo kwa kukubali wala kukataa. Akamuomba amshike mkono, anataka kuinuka. Wakatoka wakitangulia, mimi nikabeba vyombo.

Nyumbani mama alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Tulipomaliza aliingia ndani akalia peke yake, akatoka akaanza kupika. Nadhani alijilaumu kwa kuipanga safari ile, ingawa sisi hatukumlaumu. Siku hizi hakuna sindano kabla sahani haijawa mezani, na mimi siendi popote na baba bila glukosi kwenye mkoba.

Baba hajakwenda Mgeta hadi leo. Anasema njia ile inamsumbua magoti. Ila mdogo wangu akishuka na mzigo wa sokoni hupita nyumbani, na wanabishana: baba anataka kujua kwa nini hafundishi hata jioni, vijana wa kule wanaohitaji hesabu ni wengi, na mdogo wangu anamjibu kwamba jioni anamwagilia. Wakati mwingine sauti zinapanda mpaka jirani anachungulia. Mama anakaa jikoni anasikiliza, haingilii.