Mama Alimbariki Marehemu Ndugu Yangu Kifuani Pangu

Admin, naomba ulifiche jina langu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwanamume wa miaka sitini kamili, mkazi wa viungani mwa Nyeri. Nina mke, watoto na wajukuu. Sikutarajia kwamba siku moja ningeomba ushauri kwa watu walio na umri wa wanafunzi wangu, lakini jambo hili siwezi kumwambia mchungaji wetu. Alikuwapo, na alipiga makofi.

Kabla yangu, mama alizaa mtoto wa kiume, akapewa jina la babu mzaa baba, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu. Surua ilimwua kabla hajaanza shule. Nilipozaliwa mimi, nikapewa jina lile lile, kwa kuwa jina la babu haliachwi bila mtu. Simlaumu yeyote. Ila tangu utotoni, mama akiniita, nilikuwa nikingoja kidogo kabla ya kuitika, kana kwamba mwingine angetangulia.

Mwezi uliopita wanangu waliniandalia sherehe ya kutimiza miaka sitini nyumbani kwa mama, upande wa Kiganjo. Mjukuu wangu alinitania, "Guka, leo ndio unakuwa mtu mkubwa! Sasa hata wazee watakukubali."

Alisema kweli. Nilifanya kazi mbali kwa miaka mingi, sikutoa mbuzi wa kuingia baraza la wazee, na bila mbuzi huyo mwanamume kwetu huhesabiwa kijana hata akiwa na mvi. Wazee wamekubali niwapelekee mbuzi huyo Desemba. Kwanza, walisema, nibarikiwe na mama.

Mama ni mkongwe, na kumbukumbu zake huja na kwenda. Tulimleta uani, nikapiga magoti, nikafungua vifungo vya shati. Alinitemea mate kifuani, maana ndivyo mzazi anavyobariki kwetu, akalitaja jina langu kwa sauti. Watu wakashangilia. Kisha akanivuta karibu, akaninong'oneza kwa Kikuyu:

"Kumbe ulikua! Nilijua tu surua haitakuweza."

Nikamwambia, "Mama, ni mimi, yule wa pili."

Akanipangusa uso. "Wa pili alituacha, mwanangu. Usimlilie. Alikuwa mdogo sana, hakuwa na nguvu kama wewe."

Dada yangu alisikia. Baadaye, jikoni, alinikaripia: "Wewe na kusahihisha watu! Mama si mwanafunzi wako. Jina ni moja, baraka ni moja. Nyamaza, ukule mukimo."

Nilikula. Lakini tangu siku ile, nikijinyoa, najiuliza uso ule ni wa nani. Kila Jumapili mama hunishika mkono kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona maishani mwangu, kisha huniomba nimpeleke akapande ua kwenye kaburi la yule mdogo. Huyo mdogo ni mimi.

Desemba inakuja. Nikimweleza ukweli, atampoteza mtoto yule mara ya pili, na safari hii mikononi mwangu. Nikinyamaza, marehemu ndiye atakayeingia katika baraza la wazee, nami nitabaki kijana asiyebarikiwa hadi nitakapozikwa.

Enyi mliowatunza wazazi wakongwe, nijibuni bila mzaha: nimwombe mama anibariki mimi, au nimwachie mwanawe aliyekua?