Jani la Mgomba Juu ya Kiti cha Baiskeli

Harufu ya mafuta ya nyonyo ikinipita puani, hata leo ambapo meno yangu yaliyobaki ni ya kuhesabika, mimi siko tena hapa. Niko kwetu mlimani, juu ya mji wa Morogoro. Wingu limeingia ndani bila hodi na kutanda juu ya vyungu, na nje kuna baiskeli imeegemezwa ukutani kwa mama yangu, inadondoka maji. Tone, kimya, tone. Siwezi kusema kama nakumbuka au naota. Wajukuu husema bibi amesinzia. Waache waseme.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, reli imeshafika mjini. Mume wangu alikuwa mtu wa Bagamoyo, tarishi wa boma, amepewa baiskeli ya serikali apeleke barua kwenye mashamba ya wazungu upande wa Mzumbe. Aliponioa alihamia kwetu, kwa sababu sisi Waluguru mwanamke haiachi ardhi ya mama yake akamfuata mwanamume. Mwanamume ndiye anayekuja. Kila jioni alikuja akiendesha mpaka chini ya mlima, kisha akaibeba baiskeli begani na kupanda nayo kijia chetu chenye utelezi. Majirani walicheka mbavu zikawauma. Wakasema mume wangu hapandi baiskeli, baiskeli ndiyo inayompanda yeye. Nami si mtu wa kunyamaza, nikawajibu kuwa wao wamepandwa na uvivu na hakuna anayewacheka.

Sasa, mama yangu na mume wangu hawakuwa wakisemezana. Si ugomvi, ni heshima. Kwetu mkwe ni mkwe: mama hamtazami mkwewe usoni, hamwiti, hagusi kitanda chake wala kiti anachokalia. Wakikutana kijiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Mama akiwa na neno, alimwambia mbuzi wake aliyefungwa uani, kwa sauti ya kutosha, na mwenye masikio akasikia.

Na neno alikuwa nalo, kwa sababu mume wangu hakujua kuitunza ile baiskeli. Dada yake alimletea kutoka pwani chupa za mafuta ya nazi. Huko pwani, na hata mjini kwenye joto, yalifaa. Lakini kwetu, masika yakiisha na kipupwe kikiingia, mafuta ya nazi huganda yakawa meupe kama mafuta ya kondoo. Alirudi na baiskeli imejaa tope jekundu, akaimwagia mafuta papo hapo juu ya tope na maji, akaingia kulala na moyo umetulia. Asubuhi mafuta yameganda ndani ya cheni, mchanga umenasa humo, na cheni haikunjiki. Naye dawa yake ilikuwa kuongeza mafuta.

Mama alitazama haya siku nyingi kupitia ua wa matete. Jioni moja akamwambia mbuzi kwamba mtoto akitoka matopeni huogeshwa kwanza, akakaushwa, ndipo akapakwa. Na mafuta ya kupaka huku kwetu ni ya nyonyo, hayaijui baridi.

Mume wangu alisikia. Nami nikamrudia maneno yaleyale chumbani, asije akasema yalikuwa ya mbuzi. Akacheka. Mafuta ya vikongwe, yanayonuka, ayapake chuma cha serikali? Bwana mkubwa wa boma, yule Mdachi, akiyanusa si atamtandika? Nilimnunia siku mbili nzima. Mtu wa pwani na nazi yake, loo, haambiliki.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kila asubuhi, tarumbeta ikilia bomani, tarishi alitakiwa awe amesimama na baiskeli yake safi, na Bwana mkubwa akaipitishia kitambaa cheupe. Siku moja cheni ilikwama chini ya mlima, ikachomoka, mume wangu akaikokota baiskeli mpaka mjini. Alifika tarumbeta imekwisha kulia, na kitambaa kikatoka na kutu. Akaambiwa: ikitokea tena, viboko hamsa ishirini, ndiyo ishirini na vitano, kisha garimoshi, arudi kwao pwani.

Alinisimulia haya huku anatazama moto. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Alijua, nami nilijua, kwamba akirudishwa pwani nisingemfuata. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la mama, na mimi ndiye binti pekee. Nilimpenda yule mwanamume, nasema bila haya. Nilipenda hata miguu yake yenye tope. Usingizi ulinihama.

Siku chache baadaye mvua ilirudi, mvua isiyo ya msimu wake, ikanyesha tangu asubuhi. Mume wangu alifika mchana, mapema kuliko siku zote, anatetemeka kwa homa. Hakuwa na nguvu ya kufika mlangoni kwetu na ule mzigo. Aliuegemeza kwenye ukuta wa kwanza aliouona, ukuta wa mama, akaja kujitupa kitandani. Nikamfunika nguo zote tulizokuwa nazo. Alisema kesho, kesho, tarumbeta, halafu akalala.

Nami nilisinzia pembeni yake. Nilipofumbua macho wingu lilikuwa limeshuka, uani kote ni kweupe, sioni hata migomba. Nikasikia sauti ndogo ya kukwangua, taratibu, kama mtu anaparuza mihogo. Nikatoka. Mama alikuwa ameketi chini na baiskeli imepinduliwa mbele yake, magurudumu juu. Alikwangua tope katikati ya spoku kwa kijiti cha mwanzi. Akafuta chuma kwa ganda kavu la mgomba, akarudia kwa jingine, mpaka likatoka kavu. Penye kutu akasugua kwa majivu, akafuta tena. Nilitaka kumsaidia, akanionyesha kwa kidevu nikae.

Kisha akafungua kibuyu. Nilikijua kile kibuyu. Nyonyo zile alizikaanga mwenyewe, akazitwanga, akazichemsha siku nzima akiengua mafuta kwa kijiko, kidogo kidogo. Yalikuwa ya kumpaka mjukuu atakapozaliwa. Akachovya unyoya wa kuku, akatia tone kwenye kila pingili ya cheni, akizungusha pedeli kwa mkono mwingine, na gurudumu likazunguka ndani ya wingu bila mlio wowote. Akafuta yaliyozidi, maana mafuta ya ziada hushika mchanga. Hakuwa na haraka. Sijui tulikaa pale muda gani.

Ndipo nikaona kiti. Alikuwa amekifunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa kamba, mikono yake isije ikagusa anapokalia mkwewe. Chuma chote amekigusa, kiti hakukigusa. Hapo nililia, wala sikujificha.

Alfajiri homa ilikuwa imepungua. Mume wangu akatoka kwa hofu kutafuta baiskeli yake, akaikuta imesimama inang'aa, jani bado limefungwa kitini. Alilitazama lile jani kitambo kirefu. Akainua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akalisikiliza. Kisha akalipa ua wa mama mgongo, kama inavyotakiwa, akasema kwa sauti:

"Baiskeli, leo umepata mama. Mwambie ahsante. Mimi mbele yake sina mdomo."

 Mama akasema kutoka ndani ya ua: "Mbuzi, iambie baiskeli iende salama, na isichelewe."

Haikuchelewa. Kitambaa kilitoka cheupe. Bwana mkubwa alinusa, akakunja pua, akauliza ni mafuta gani haya. Mume wangu akamjibu ni ya nyumbani.

Tangu siku hiyo, kila aliporudi na mvua, aliiegemeza kwenye ukuta wa mama, na asubuhi aliichukua ikiwa safi, jani juu ya kiti. Mtoto alizaliwa, akapakwa nyonyo za kibuyu kingine. Akaja wa pili. Miaka yote ile mama na mume wangu hawakutazamana usoni hata mara moja, wala hawakuacha kusalimiana kwa kinywa cha mbuzi na cha baiskeli.

Mama alifariki kabla Mdachi hajaondoka. Matanga yakaisha, watu wakarudi makwao. Jioni ya kwanza ya mvua mume wangu akapanda mlima na baiskeli begani, akaiegemeza ukutani kwa mama, akaingia ndani. Sikumuuliza. Asubuhi niliamka kabla yake, nikaenda kutazama. Ilikuwa na tope lake lote.

Nikaipindua, nikakaa chini, nikakwangua, nikafuta, nikachukua kibuyu na unyoya. Nilipomaliza nikaingia mgombani. Mimi ni mkewe, sina mwiko na kiti chake. Nimekigusa mara ngapi. Lakini nilikata jani, nikakifunika, nikalifunga kwa kamba, ndipo nikaenda kumwamsha.