Gunia la Mizuka

Siku ya kwanza Clifford, dereva wa lori wa Changamwe, aliponunua bhajia kwa Dama pale Mikindani, zilimpoa mkononi. Alikuwa akiikodolea macho karatasi aliyofungiwa, ukurasa wa kitabu cha zamani cha katuni za kutisha, mzuka ndio kwanza unachomoza kaburini.

"Dada, vipo vingine?"

"Gunia zima. Jirani alihama akaniachia."

"Usivichane tena! Mimi navikusanya. Niuzie."

Dama akacheka moyoni. Huyu hajui kuficha njaa. Lakini wateja walikuwa wakirudi kutafuta ukurasa unaofuata, na kuuza gunia ni kuuza wateja.

"Siuzi. Chukua vyote, ila kila Jumamosi uje uwasomee watu hapa nikikaanga. Karatasi za kufungia utaleta wewe. Na sauti ya huo mzuka uiige vizuri, kaka, usilie kama mbuzi mwenye mafua!"

Siku hizi Jumamosi benchi halitoshi, watu wanapiga mayowe na bhajia mdomoni. Clifford amepata vitabu vyake, vina mafuta kidogo pembeni. Dama amepoteza gunia la karatasi, akapata msomaji asiye na mshahara, tena bhajia anazonunua ni nyingi kuliko za mteja yeyote.