Gauni la Vifungo Kumi na Kimoja

Noëlla Vandecasteele hakuwahi kununua nguo ya kufunga msimu. Miaka yote niliyouza nguo za wanawake ghorofa ya pili ya duka letu kubwa pale Kortrijk, Ubelgiji, wateja wengi walisubiri Januari na Julai, bei zikishushwa, ndipo waje kugombania masalio. Noëlla alikuja Machi na Septemba, wiki ile ile maboksi yanapofunguliwa na nguo bado zina mikunjo ya safari.

Hakuwa tajiri. Alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha vitambaa kando ya mto Leie. Kazi yake ilikuwa kupitisha vidole juu ya kitambaa kilichotoka mtamboni, atafute uzi uliokatika au fundo, kisha aliponye kosa kwa sindano pasionekane kitu. Alinunua nguo mbili tu kwa mwaka na kuzivaa mpaka zichoke zenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa nini hasubiri bei zishuke kama wenzake.

"Ujana wangu wote nimerekebisha nguo za wanawake wengine," akaniambia. "Zangu nitazichagua mimi, zikiwa mpya."

Mumewe Roger, fundi bomba, alizoea kuja naye. Alikaa kwenye kiti karibu na kioo, amefungua gazeti, na mkewe akitoka chumba cha kujaribia anainua macho na kukubali au kukataa kwa kidevu. Roger alifariki mwezi wa Februari. Mwezi uliofuata Noëlla alikuja peke yake akanunua blauzi ya manjano, na dada za marehemu waliizungumza blauzi hiyo Kwaresima nzima.

Juni Noëlla akaanguka jikoni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alilala sakafuni kwa muda wa karibu saa tatu kabla jirani hajamsikia. Hapo ndipo binti yake wa pekee, Griet, akaanza kumpangia mambo. Griet ni katibu wa shule, mtu wa mafaili na tarehe, na simlaumu. Ukimkuta mama yako wa miaka sabini na minane amelala juu ya vigae, hofu hiyo haikutoki. Kabla plasta ya kushikilia mfupa haijatolewa, Griet alikuwa ameshapata chumba katika makao ya wazee nje ya mji, cha kuhamia mwanzo wa Oktoba. Noëlla hakusema ndiyo wala hapana. Binti alichukua kimya hicho kuwa ndiyo.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku kumi baada ya plasta kutoka, Noëlla alikwenda peke yake kwenye butiki ya Martine, uchochoro wa nyuma ya kanisa. Dirishani alikuwa ameona koti la rangi ya kutu, kola pana, sufu tupu. Martine alimkaribisha kwa uchangamfu uliozidi, kisha akamwambia saizi yake haijafika. Noëlla akaomba lile lililovikwa sanamu pale dirishani. Martine akasema lile ni la maonyesho tu. Noëlla akapanda dirishani polepole, akaipindua kola, akasoma. Ilikuwa arobaini na nne, saizi yake tangu alipojifungua.

Martine akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaeleza kwamba Griet amepiga simu: mama anahamia makao, huko hakuna nafasi ya makoti, afadhali asiuziwe vitu vya gharama, na kwamba tangu msiba akili ya mama imechoka kidogo.

"Martine," Noëlla akasema, "nilianza kuja hapa wakati mama yako ndiye anayekaa kwenye kiti hicho. Nakumbuka hata jina la mbwa wake. Wewe unalikumbuka?"

Martine hakulikumbuka. Noëlla akatoka bila koti. Baadaye Martine alituma kadi ya kuomba radhi na shada la maua. Maua Noëlla akampa jirani, na hadi leo akifika mdomoni mwa uchochoro ule anavuka barabara.

Sasa mimi hayo yote sikuyajua Jumatano ya wiki ile walipokuja dukani kwetu wawili, mama na binti. Griet alinipa karatasi iliyotoka makao. Ilitaka suruali za mpira kiunoni, fulana na sweta zisizo na vifungo, sufu na hariri marufuku, kila kitu kiweze kufuliwa kwa maji ya moto katika mashine kubwa, na kila nguo ishonwe kibandiko chenye jina na namba ya chumba. Alinieleza kwa heshima, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. Nikaleta suruali mbili za kijivu na sweta tatu. Noëlla alizigusa kwa kidole kimoja.

"Plastiki," akasema.

"Ni rahisi kuvaa, Mama. Na mkono wako."

Noëlla akazichukua, akaingia chumba cha kujaribia. Nilipomfuata kumtundikia henga alinishika mkono. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mzigo wa msimu umeshafika. Nikasema umefika jana. Akaniambia nimletee nitakachoona kinamfaa, nisimletee cha kumwonea huruma.

Nikiri kwamba niliogopa. Griet alikuwa amesimama kando ya kioo, na mimi ni mwajiriwa. Mteja mwenye karatasi ndiye mteja mwenye kadi ya benki. Lakini nilikwenda stoo nikatoa gauni moja ambalo bado halijatundikwa. Sufu laini, kijani kilichokolea, mikono mirefu, na mbele, toka shingoni mpaka chini ya kiuno, vifungo vidogo kumi na kimoja vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile. Nilijua vifungo vile vitamtesa. Nilijua pia kwamba ningemletea la zipu angeniangalia kwa jicho ambalo nisingelisahau. Nikalipitisha pembeni ya pazia.

Tukangoja. Griet alisoma ujumbe kwenye simu, akaiweka, akaichukua tena. Tulisikia pumzi za mama yake nyuma ya pazia, na mara mbili tukamsikia akitukana kwa lahaja ya kwao, taratibu, kama anayehesabu. Griet akauliza kama anahitaji msaada.

"Kaa hapo ulipo."

Dakika zikapita. Kisha tukasikia kitambaa kikifunguliwa chote upya. Aliniambia baadaye kwamba alipofika chini alikuta kifungo kimoja kimebaki bila tundu. Alikuwa ameruka la tatu kutoka juu. Angeweza kutoka hivyo hivyo, gauni limekaa upande. Akavifungua vyote kumi na kimoja, akaanza tena kwa vidole ambavyo bado vilikuwa vimevimba.

Griet akaweka mkono kwenye pazia. Nikamwambia amwache. Sijui nilipata wapi ujasiri. Ndiyo mara pekee niliyomkataza mteja kitu. Akanitazama kwa mshangao, akauondoa mkono.

Noëlla alipotoka nywele zilikuwa zimemtimka na jasho linang'aa juu ya mdomo. Gauni lilimkaa kama limeshonwa kwa vipimo vyake. Akaenda kwenye kioo, akajigeuza upande mmoja, kisha wa pili. Zile suruali za kijivu alizikabidhi kwangu zikiwa bado zimekunjwa.

"Umechukua dakika ishirini na tano kuvaa gauni," Griet akasema.

"Nina haraka ya kwenda wapi?"

"Kule hawafui sufu, Mama."

"Nitafua mwenyewe, kwenye beseni, kama siku zote."

"Hawaruhusu kufua chumbani."

"Basi siendi."

Alilisema bila kupandisha sauti, macho yake kwenye kioo. Griet akaanza kueleza habari ya malipo ya awali na watu wanaosubiri chumba, akaacha katikati. Akauliza kitu kimoja tu, na nadhani ndicho alichokuwa amekibeba tangu Juni.

"Na ukianguka tena?"

"Nitaanguka nimevaa vizuri," Noëlla akasema. Kisha akageuka, akamtazama binti yake uso kwa uso kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulimwambia Martine akili yangu imechoka."

Griet alichukua mkoba wake akashuka ngazi. Noëlla alilipa mwenyewe, akakataa mfuko, akatoka dukani amelivaa gauni lile kuelekea kituo cha basi. Mimi nikabaki na suruali za kijivu mkononi, na furaha ambayo sikuthubutu kumwonyesha msimamizi wangu.

Chumba alipewa mwingine. Wiki nane mama na binti walizungumza kwa simu tu, mambo ya dawa na siku ya kutoa taka. Siku ya Watakatifu Wote wakakutana makaburini, kila mmoja na chungu cha maua, na dada za Roger wakiwa wamejipanga kwa makoti meusi. Noëlla alikuwa na gauni la kijani na koti limefunguliwa makusudi. Wifi yake Simonne akasema, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba wengine huja makaburini kama wanakwenda harusini.

"Nimekuja kumwona mume wangu, Simonne. Sijawahi kumwendea nikiwa kama gunia, na leo si siku ya kuanza."

Griet alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Hawakuombana msamaha, si watu wa namna hiyo. Lakini Jumapili iliyofuata Griet alikwenda kula kwa mama yake, na kabla ya kahawa walikuwa wanagombana kuhusu vyuma vya kushikia bafuni. Noëlla alikubali vyuma. Alikubali pia muuguzi wa kumjia asubuhi. Kengele ya kuvaa shingoni aliikataa, na mpaka leo inakaa kwenye droo.

Sasa ana miaka themanini na mmoja, nami nimestaafu. Kila Machi mimi naye tunakwenda mji wa Ghent kwa treni kuangalia mzigo mpya. Mwaka huu tuliingia butiki moja ya kona, na muuzaji, binti mdogo mwenye kucha za bluu, akanigeukia mimi akaniuliza bibi huyu anatafuta nini. Nikamwachia mwenyewe ajibu. Noëlla alimwacha angoje mpaka alipomaliza kupekua henga zote, ukuta mmoja hadi mwingine.

"Bibi huyu," akasema, "anataka kitu chenye rangi."