Fimbo Yangu Chini ya Bahari

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Shule niliishia darasa la nne, leo nina matrekta mawili Basotu. Bahari ni nini? Nikalipia wiki mbili kwenye kisiwa kidogo, nijifunze kuzamia na mtungi wa hewa, cheti nikitundike dukani kwangu Mogitu, majirani wasome mpaka wachoke.

Siku ya mtihani nikaja na fimbo. Mwalimu wetu Zuhura, binti mdogo tu, akasema, "Shikamoo baba. Fimbo iache, huko hakuna ng'ombe."

"Marahaba. Mwanaume wa Hanang haendi porini mikono mitupu."

Alipogeuka, nikaichomeka kiunoni.

Kule chini, dume kubwa la mapembe likanikazia macho. Sisi hatukimbii. Nikalitandika mpaka pembe zikakatika. Shujaa!

Kwenye boti Zuhura akatuonyesha video aliyopiga. Wageni wote wakaniona, mtu mzima na mvi zangu, nikilichapa jiwe.

"Hilo ni tumbawe, baba, linalindwa na sheria. Na lilikuwa limetulia tu."

Cheti sikupata. Nilipata risiti ya faini, na mke wangu ndiyo aliyoitundika dukani: shilingi laki saba na elfu arobaini na tano.